Nishikie Mtoto

Siku Severina alipokuja kuniomba nimsindikize hija, nilikuwa nyuma ya nyumba napukuchua mahindi. Mvua zilikuwa zimekwisha, kipupwe kimeingia, Msamala yote, mtaa wetu hapa Songea, imeanika mahindi kwenye maturubai, na asubuhi ukifungua mlango unatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Severina ni mdogo wake Rupert, mume wangu, kwa hiyo kwangu ni wifi. Alivuta kigoda, akachukua hindi, akaanza kupukuchua na mimi. Nikajua ana jambo, maana Severina hapukuchui mahindi ya mtu bure.

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua nusu. Alikuwa ameolewa na Emiliani, kule Ruhuwiko. Mimba mbili za kwanza hazikukaa. Ya tatu ilikaa, akazaliwa mtoto wa kiume, akaishi siku chache tu, mama yake hajitambui kwa homa ya uzazi, akafa kabla hajabatizwa wala kupewa jina. Katika ukoo wa mume wangu mtoto mchanga namna hiyo huzikwa na wanawake peke yao, bila matanga, na mama yake haonyeshwi maiti. Severina alikuwa amekuja kujifungulia kwao, kwa hiyo mama mkwe na mimi ndio tuliomwosha na kumzika kwenye migomba. Severina alikuwa ndani, amelala ameelekea ukutani.

Sasa mama yake Emiliani alikuwa ameanza maneno. Mtoto wake ni mmoja, alisema, na nyumba haiwezi kufa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mjomba mtu alishakwenda kijijini kwao kuulizia msichana. Emiliani hakukubali wala hakukataa, na mwanaume wa namna hiyo mimi namhesabu amekubali. Kwa hiyo Severina alitaka kutembea kwa miguu hadi kilima cha Lihangwe, kwenye kikanisa cha Bikira Maria, akaombe mtoto. Watu wa parokia huenda kila kipupwe, na safari ni siku tatu.

Nilimwambia nina watoto wanne, nina duka la mitumba, nina kisigino kibovu. Akaniambia, "Wifi, umenenepa. Ukitembea siku tatu utarudi kaka asikujue."

"Akinisahau nitafurahi. Nitapumzika kupika."

Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akaendelea kupukuchua. Nikaona vidole vyake vinatoka damu na hajui. Nikamwambia nitakwenda.

Tuliondoka alfajiri, baada ya misa. Kiongozi alikuwa Mzee Alfonsi, katekista, mtu mrefu mwenye sauti kubwa na utani usiokwisha. Yeye alitangulia na msalaba, sisi tukafuata kwa mstari mmoja, na nyuma kabisa alitembea Bibi Notburga, bibi mfupi mwenye fimbo ambaye alikuwa ameifanya hija ile tangu ujana wake. Kabla hatujatoka, Mzee Alfonsi alitupa masharti. Hakuna kupanda bodaboda hata ukivimba miguu. Kila mtu na mzigo wake. Na ukikuta mtu ana shida njiani usimpite, msaidie, hujui ni nani aliyewekwa pale kukupima. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya lami, upande wa Namtumbo. Tulisali rozari, tukaimba, malori yakatupigia honi. Severina alitembea vizuri kuliko mimi. Alikuwa na mbeleko mfukoni, kitenge cha rangi ya kahawia alichomwekea yule mtoto na hakuwahi kumbebea, na kila tulipopumzika alikitoa na kukikunja upya. Jioni tulilala kwenye kigango, kanisa dogo la kijijini, tukala ugali na dagaa, tukaloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Miguu ya Severina ilikuwa kama yangu, ya mwanamke aliyelima tangu utoto. Visigino vilikuwa vimepasuka hadi ungeweza kuficha punje ya mtama ndani. Bibi Notburga alimtania kwamba akifika peponi atachana mashuka.

Nakumbuka utani ule kwa sababu ya yaliyokuja.

Asubuhi ya pili tuliiacha lami, tukashika njia ya zamani inayokatisha kwenye mashamba ya tumbaku. Tumbaku ilikuwa imeshavunwa na kuuzwa, mashamba matupu, na kila mahali watu walikuwa wamechoma nyasi. Tulitembea kwenye majivu. Yalikuwa laini kama unga, kila hatua inaacha alama ya mguu, na kabla ya saa nne sote tulikuwa weusi hadi magotini. Kisigino changu kikapasuka. Nikaanza kubaki nyuma, Severina akabaki nami. Bibi Notburga alitupita akituambia tusikae sana. Baadaye hata nyimbo za wenzetu hatukuzisikia.

Jua lilikuwa limeshatoka, ukungu umeinuka. Kando ya njia kulikuwa na bani, yale majengo marefu ya matofali ya kukaushia tumbaku. Lilikuwa limeachwa siku nyingi, paa limeingia ndani. Nje, kwenye kivuli, mwanamke alikuwa amekaa na mtoto mgongoni.

Nilimsalimu kama tunavyosalimiana njiani, nikasema Tumsifu Yesu Kristo. Hakujibu milele amina. Nikadhani labda ni Mwislamu, nikamwambia habari za asubuhi. Hakujibu hilo pia. Alikuwa anamtazama Severina tu.

Nikaona niitumie nafasi hiyo. Nikainama kufunga kitambaa kisiginoni. Kwa hiyo uso wa yule mwanamke sikuuona vizuri, na mpaka leo nikiulizwa siwezi kuueleza. Nilichokiona kutoka pale chini ni miguu yake, alipoinuka na kuja.

Alikuwa peku, katikati ya majivu, na miguu yake ilikuwa safi.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka, "Nishikie mtoto, dada. Nifunge kanga."

Hakuna jambo la kawaida kuliko hilo. Nimeombwa hivyo stendi, kliniki, sokoni, na watu nisiowajua, nami nimewaomba wengine. Mwanamke anayekataa kumshikia mwenzake mtoto ni mwanamke gani? Severina alishanyoosha mikono. Lakini yule mwanamke hakumpa mtoto mikononi. Alimzunguka. Alimwomba mbeleko yake, ile ya kahawia, bila mtu kumwambia kwamba anayo, akamweka mtoto mgongoni mwa Severina, akamfunga kwa fundo kifuani, akalikaza. Mtoto alikuwa amefunikwa shali kichwa kizima, kwa ajili ya baridi, nilidhani.

Hapo ndipo nilianza kutopenda. Mtu anayetaka kufunga kanga kwa dakika moja hamfungi mtoto wake mgongoni mwa mgeni.

Akaenda nyuma ya bani. Alipokuwa anakwenda, akiinua mguu, niliona nyayo zake. Zilikuwa laini na za waridi, hazina ufa hata mmoja, kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Tulingoja. Severina alikuwa anajitikisa taratibu, kama kila mwanamke anavyofanya akibebeshwa mtoto, na anavuma wimbo puani. Tuliendelea kungoja. Nikaita. Mwishowe nikazunguka bani mwenyewe.

Nyuma hakukuwa na mtu. Ni uwanja mtupu uliochomwa, unaona hadi mbali, hakuna kichaka cha kujificha. Majivu yalikuwa yamelala bila kuguswa. Alama za miguu zilikuwa zangu tu.

Nikachungulia ndani ya bani. Juu zilikuwepo bado zile fito za kutundikia tumbaku, na kwenye fito zilining'inia mbeleko. Kanga, vitenge, shuka za zamani zilizooza. Nyingi. Kila moja ilikuwa imefungwa fundo, fundo la kifuani, na halijafunguliwa. Kama vile waliozivaa walichuruzika kwa chini, wakaziacha zimefungwa vile vile.

Sikumwambia Severina nilichokiona. Nilimwambia tuondoke, tumpeleke mtoto kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho mbele, tuandikishe, yule mama atafutwe. Mimi niliwaza polisi. Niliwaza tutaitwa wezi wa watoto, wawili kutoka mjini, na mmoja anajulikana hana mtoto.

Severina alitabasamu. Akasema, "Nimepewa, wifi."

"Hujapewa. Umeshikishwa."

"Nilikuja kuomba, nikapewa hata sijafika."

Tukatembea. Nilimweka mbele ili nimwone. Nina watoto wanne na nimelea wa dada zangu, najua mtoto mgongoni anavyokuwa. Hulala kichwa kikaanguka upande. Hutoa mate. Hupiga teke. Huloanisha, na mwenye mgongo akalaani. Huyu hakufanya lolote. Tangu atufikie, nepi yake, kama alikuwa nayo, ilikuwa kavu.

Severina alianza kuinama. Kwanza kidogo, kisha kama mtu aliyebeba gunia. Jasho likamtoka, na ilikuwa baridi. Nikasogea kumsaidia, nikatia mkono chini ya makalio ya mtoto nimwinue.

Hakukuwa na uzito. Ilikuwa kama kuinua maganda ya mahindi.

Nikamwuliza kama ni mzito. Akasema ni mzito, lakini uzito mzuri.

Shali lilikuwa limepanda, na mguu mmoja wa mtoto umetokeza pembeni. Mguu mdogo, wa mtoto wa miezi. Unyayo wake ulikuwa mweusi kwa majivu, mgumu, umepasuka kisigino, ufa juu ya ufa. Ulikuwa unyayo wa mtu aliyetembea miaka.

Nikaurudisha mguu ndani kwa ncha ya kanga yangu. Sikuugusa.

Wenzetu tuliwakuta kwenye kijito, wamekaa wanakula viazi. Nilipowaona pumzi ilinirudia. Mzee Alfonsi alisimama, akamtazama Severina tangu kichwani hadi miguuni, akacheka kwa ile sauti yake.

"Severina binti yangu, hata kuomba bado, umeshafunga mbeleko tupu?"

Watu wakacheka. Wanaume. Wanawake hawakucheka. Nikageuka nikamtazama wifi yangu. Mbeleko ilikuwa imejaa. Kichwa kilikuwa kile pale, chini ya shali.

Bibi Notburga aliinuka na fimbo yake. Alitushika mkono, mimi na Severina, akatupeleka nyuma ya jiwe kubwa kama mtu anayekwenda kujisaidia. Aliongea nami, si na Severina. Aliuliza nani alifunga fundo. Nikamwambia ni mwanamke aliyetushikisha mtoto pale kwenye bani. Aliuliza kama Severina amemtazama mtoto usoni. Nikasema bado.

"Asimtazame."

Nikamwuliza ni nini. Hakusema ni nini. Alisema tu kwamba wakati wa usichana wake, dada yake Justa alimshikia mtu mtoto kwenye njia hii hii, na walipomwona tena ilikuwa mvua zimepita, anatembea mashambani na mtoto mgongoni, hamjui mtu. Watu walimwita kwa jina. Hakugeuka. Bibi alisema mtu akikaa na mtoto huyo hadi jua lizame amekwisha. Kabla ya hapo aliyebebeshwa anaweza kutolewa, pale pale alipofungwa, bila kufungua fundo. Anashuka kwa chini, anaiacha mbeleko. Lakini lazima mwenye mgongo aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto si wake. Mwingine hawezi kumsemea.

Bibi Notburga akamwambia Mzee Alfonsi kwamba Severina amesahau kitu kwenye bani, tunarudi kukichukua, tutawakuta kwenye kigango cha mbele, cha kulala. Mzee akanung'unika kuhusu wanawake na vitu vyao.

Kurudi tulirudi, lakini haikuwa kazi rahisi. Severina hakutaka. Hakupiga kelele, hakukimbia, alikuwa anakaa chini tu, kila baada ya muda, kama mtoto aliyegoma. Nilimwinua kwa kwapa. Bibi Notburga alikuwa anatangulia, anasali kwa haraka, hapumziki kati ya salamu na salamu. Jua lilikuwa upande wetu wa kushoto na linashuka.

Njiani Severina aliniambia jambo moja. Alisema, "Wifi, nimechoka kurudi mikono mitupu."

Nilimwambia anyanyue miguu.

Bani lilikuwa kama tulivyoliacha. Tuliingia ndani. Bibi alimkalisha Severina chini ya fito, mgongo kwenye nguzo, akatazama zile mbeleko juu, akatazama chini. Nadhani alikuwa anatafuta moja anayoijua. Akaniambia nisimame mbele ya Severina na nisitazame nyuma ya bega lake, hata nikisikia nini.

Kisha akamwambia Severina aseme.

Severina alijitikisa taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Bibi akamwambia tena. Severina akatikisa kichwa. Alishika fundo kwa mikono miwili, kama mtu anayelinda fedha sokoni. Mwanga ulioingia mlangoni ulikuwa umeshakuwa wa manjano. Nikaona, bila kutaka, shali limesogea. Kichwa kidogo kilikuwa kinageuka. Polepole. Kinapanda bega la Severina. Kinakuja upande wangu.

Nikafunga macho.

Mimi si mtu wa maneno mazuri. Nilisema nililokuwa nalo. Nilimwambia, "Severina. Wako tulimzika mimi na mama, kwenye migomba, mgomba wa tatu kutoka chooni. Nilimwosha kwa mikono yangu. Alikuwa na alama nyeusi shingoni, hapa, chini ya sikio, kama punje ya ulezi. Nilimfunga kwenye kanga yangu mpya. Wako ni yule."

Nilisikia pumzi za Severina. Na nilisikia pumzi nyingine, fupi fupi, karibu na uso wangu.

"Alikuwa na alama?" Severina aliuliza.

"Alikuwa nayo."

"Hamkuniambia."

"Mama alikataza."

Akalia. Tangu kifo cha mtoto yule sikuwa nimemsikia analia. Alilia vibaya, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika. Halafu akasema, wazi kabisa, nami nilisikia na Bibi Notburga alisikia, "Huyu si wangu."

Pumzi ile karibu na uso wangu ikakoma.

Tulimvuta kwa miguu, mimi mguu mmoja na Bibi mwingine, akachuruzika nje ya mbeleko kama mtu anayevuliwa gauni. Fundo lilibaki limefungwa. Mbeleko haikuanguka. Ilibaki imekaa pale kwenye nguzo, imejaa.

Tukatoka. Bibi alisema tusigeuke, hatukugeuka. Tulipofika njiani, nyuma yetu ndani ya bani ikasikika sauti moja. Haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya kanga inayokung'utwa mara moja, paa, kama mwanamke anavyofanya kabla ya kujifunga.

Severina alikuwa ananyooka sasa, anatembea vizuri. Lakini nilikuwa nyuma yake, na niliona mkono wake wa kulia unakwenda nyuma. Ulipapasa taratibu pale ambapo mtoto hukaa. Ukarudi. Baada ya muda ukaenda tena.

Tulifika kigangoni usiku sana. Walikuwa wametuwekea maji ya chumvi. Tuliloweka miguu, na majivu yakaanza kuachia. Yangu yalitoka na damu. Severina aliweka yake kwenye beseni, akaitoa, na maji yalibaki safi.

Bibi Notburga aliinama kutazama. Hakutania safari hii. Aliyamwaga yale maji nje, akaliacha beseni huko huko.

Kesho yake tulifika Lihangwe. Severina aliwasha mshumaa, akampa yule wa migombani jina, Otto, jina la babu yao. Alipiga magoti kwa muda mrefu. Nilijua kile alichotembea kuja kuomba, na sikumwuliza kama alikiomba. Tulirudi Songea kwa lori la mahindi, sote tumechoka, Mzee Alfonsi anaimba. Tulipoagana pale parokiani, Bibi Notburga alinivuta pembeni. Alisema, "Wewe kuanzia leo, ukiombwa kushika kitu na mtu, uwe na kazi mikononi." Nilidhani ni uchovu wa uzee. Nilimwambia sawa bibi, kwaheri, nikaenda kuangalia watoto wangu kama wamekula.

Severina alipata mimba mwezi ule ule. Ilikaa. Mama yake Emiliani alifunga mdomo, mjomba mtu akaacha safari zake za kijijini, na Emiliani akaanza kumbebea mkewe ndoo ya maji, jambo ambalo Ruhuwiko nzima ililitazama. Mvua za mwisho zilipokuwa zinapungua, alijifungua mtoto wa kiume. Mzima, mnene, halii ovyo. Nilikuwa na malaria wakati ule, sikwenda kumtazama. Walioenda walisema mtoto ni mtulivu ajabu. Mama mkwe aliniambia ana alama nyeusi shingoni, chini ya sikio, kama punje ya ulezi. Alikuwa anafurahi anaponiambia.

Arobaini ilipokwisha, Severina alikuja kwangu Msamala kumleta mtoto tumwone. Mvua kubwa ya kuchelewa ilikuwa imenyesha usiku, uwanja wangu wote ni tope jekundu, kuku wanazama. Nilikuwa jikoni, nakanda unga wa maandazi. Nilimsikia anabisha hodi, nikamwambia apite. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, kwenye mbeleko ya kahawia.

Nilidhani amenunua nyingine inayofanana. Nataka kuamini hivyo.

Alikuwa amependeza. Alikuwa amenenepa mashavuni. Tulisalimiana, nikauliza habari za Emiliani, akajibu vizuri. Mtoto alikuwa amefunikwa shali kichwani, na miguu imevishwa soksi nene, nikasema moyoni ni sawa, hali ya hewa ni ya baridi. Severina akaanza kulegeza fundo.

Akasema, "Nishikie mtoto, wifi. Nifunge kanga."

Nilitazama chini. Alikuwa peku. Ametembea kutoka barabarani, kwenye tope lile. Miguu yake ilikuwa safi, laini, ya waridi.

Nikamwambia, "Mikono yangu ina unga."

Alinitazama. Sijui ni nani aliyenitazama. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri nimalize, nami sikumaliza. Niliendelea kukanda. Unga ulishakuwa tayari zamani, nikaongeza maji ukaharibika, nikaongeza unga, nikakanda. Mwishowe akakaza fundo, akasema basi wifi, siku nyingine. Akaondoka.

Sasa mtoto ana miezi saba. Ndugu wa mume wangu wanasema nina roho mbaya, kwamba nina watoto wanne ndiyo maana sioni thamani ya wa mwenzangu, kwamba mimi peke yangu katika ukoo sijawahi kumbeba. Rupert mwenyewe ameniuliza. Waseme. Kila Severina akija nina beseni, nina sindano na uzi, nina mahindi ya kupukuchua. Soksi za yule mtoto sijawahi kuziona zimevuliwa, wala simjui mtu aliyewahi kuziona zimevuliwa.

Siku ile alipoondoka, nilinawa mikono, nikatoka hadi mlangoni. Tope lilikuwa bichi bado. Nilikagua kutoka mlango wa jiko hadi barabarani, nikarudi nikakagua tena, upande huu na upande ule.

Kulikuwa na nyayo za kuku tu.